Kasuku wa Tshopo: kazi ya mwenye shamba na mwenye pori katika kumrudishia makao

Hapa kwetu Kisangani hakuna mtu anayehitaji kuelezwa kasuku ni nani. Wanaosema Lingala humwita nkoso. Ni ndege wa rangi ya majivu, mkia mwekundu, mdomo mweusi, sauti ya kuiga kila kitu: mtoto anayelia, mlango, mwenyeji anayeita jirani. Lakini wengi kati yetu tunamfahamu akiwa ndani ya kizimba kuliko akiwa juu ya mti. Mtu anaweza kuzaliwa Makiso, akakua Makiso, akaona kasuku mia moja sokoni na asione hata kundi moja likipita angani jioni. Wazee wao wanakumbuka makundi hayo vizuri.

Kwa wataalamu jina lake ni Psittacus erithacus. Mwaka 2016 shirika la IUCN, ambalo linaandika orodha ya wanyama na mimea inayopotea duniani, lilimpandisha kwenye daraja la ndege walio katika hatari kubwa. Makao yake ni pori la Afrika ya kati: Congo yetu, Cameroun, Gabon, Congo Brazzaville, na mashariki anafika Uganda hadi magharibi ya Kenya, ambako katika pori la Kakamega wamebaki wachache sana wa kuhesabika. Nchi yenye pori kubwa zaidi la kumfaa ni hii yetu. Njo maana habari yake inatuhusu kuliko wengine.

Makala hii inaeleza namna anavyoishi, namna anavyopotea, sheria inasema nini, na zaidi sana kitu ambacho hakisemwi mara nyingi: mwenye shamba, mwenye pori na hata mfugaji wa ngombe anaweza kufanya nini katika ardhi yake mwenyewe.

Anaishi namna gani

Kasuku hajengi kiota kama ndege wengine. Anatafuta tundu ndani ya mti mkubwa, juu sana, mita kumi hadi thelathini kutoka chini, pahali tawi lilivunjika zamani na mbao ikaoza ndani. Tundu hilo hawezi kulichimba peke yake lote, anapashwa kulikuta. Miti yenye matundu ya namna hiyo ni mizee. Limba kubwa, msufi, na miti mingine mirefu inayopita kichwa cha pori. Mti wa miaka ishirini haumsaidii kitu.

Ndani ya tundu mke anataga mayai matatu hadi matano, anayalalia karibu mwezi moja, na watoto wanakaa humo karibu wiki kumi na mbili kabla ya kuruka. Hesabu basi: zaidi ya miezi mitatu na nusu ndege hawa wanategemea mti moja. Ukiukata katikati ya muda huo, umekata familia yote. Tena kasuku hazai akiwa kijana. Anasubiri miaka mitatu, mine, hata mitano. Anaweza kuishi miaka mingi kama binadamu, miaka arobaini na zaidi, na mume na mke wanashikana kwa muda mrefu. Ndege anayezaa pole pole namna hii havumilii kukamatwa kwa wingi. Kuku ukichinja leo, mwaka kesho una wengine. Kasuku ukimtoa porini, nafasi yake inajazwa baada ya miaka mingi, na inajazwa paka kama bado kuna wazazi.

Mchana anatawanyika kutafuta chakula. Anakula matunda na mbegu za porini, na anapenda mangazi kupita kiasi. Mwenye shamba la mangazi anajua vile anavyomenya nyama ya tunda na kutupa kokwa. Kuna pia zile nafasi wazi zenye mayi ndani ya pori, pahali tembo na mbogo wanakuja kunywa na kula udongo wa chumvi. Kasuku wanashuka pale kwa mamia asubuhi, wanakula majani na mizizi laini, wanalamba udongo. Ni pahali pa pekee ambapo ndege huyu wa juu anakanyaga chini, na wakamataji wanalijua jambo hilo kuliko sisi wote.

Jioni wanakusanyika kulala pamoja. Mti wa kulala, ao kikundi cha miti ya mangazi na mwale, unaweza kutumiwa mwaka hadi mwaka. Pahali pengine walikuwa wakilala mamia, pengine maelfu. Kijiji kinachokaa karibu na mti wa namna hiyo kina kitu cha maana mkononi, hata kama hakijui.

Anapotea namna gani

Kwanza kabisa, anakamatwa. Hatuwezi kuzunguka neno hili. Mkamataji anapanda mti wa kulala ao mti wa matunda, anapaka ulimbo kwenye matawi, anafunga pale kasuku mwingine aliyezoea watu ili aite wenzake. Kasuku ni ndege wa jamii, akisikia sauti ya mwenzake anakuja. Wanaangukia ulimbo wengi mara moja. Kwenye nafasi wazi za mayi wanatumia nyavu. Halafu wanakatwa manyoya ya bawa, wanawekwa ndani ya vitunga, wanapanda mtumbwi, pikipiki, baleniere, ndege ya Kinshasa. Kisangani imekuwa njia kuu ya biashara hiyo kwa sababu yenye kujulikana: mito yote inashuka hapa, na uwanja wa ndege uko hapa. Opala, Ubundu, Lomami, vyote vinamwaga Kisangani.

Wengi wanakufa njiani. Makadirio yanasema kati ya 30 na 66 kwa mia hawafiki hata kusafirishwa inje ya nchi. Kiu, jua, manyoya yaliyong'olewa na ulimbo, magonjwa. Kwa hiyo kila kasuku unayemuona anasema "bonjour" ndani ya nyumba ya mtu huko ng'ambo, nyuma yake kuna wenzake waliokufa bila kuhesabiwa. Tangu miaka ya 1970 zaidi ya milioni moja waliuzwa inje ya Afrika kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi. Wa magendo hawamo.

Pili, makao yanapungua. Hapa inapashwa kusema wazi kwamba katika Tshopo pori bado liko, tofauti na Ghana. Kule Ghana wataalamu walirudi kwenye pahali ambapo kasuku walikuwa wanalala kwa mamia miaka ya 1990, wakakuta karibu hakuna: wamepotea 90 hadi 99 kwa mia. Sisi hatujafika pale. Lakini ukitoka Kisangani kwa barabara yoyote, ya Buta, ya Ituri, ya Ubundu, utaona vile miti mikubwa imerudi nyuma. Makala ya kupikia, mbao za wapasuaji wenye tronsonezi, mashamba mapya kila mwaka. Mpasuaji anachagua mti mnene na mzee, na ule mti njo wenye tundu. Afrormosia na sapelli zinakwenda hivyo.

Wengine wanasema: tatizo ni moja tu, wakamataji, mambo ya miti muache. Mimi sikubali nusu ya neno hilo. Ni kweli kwamba ukipanda miti elfu na ulimbo ukaendelea, umefanya kazi bure. Lakini pia ukifunga biashara leo na mti wa tundu haupo, ndege aliyebaki atazaa wapi? Mambo haya mawili yanatembea pamoja.

Sheria inasema nini

Kwenye sheria ya dunia, mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwezi wa kumi 2016 ulimpeleka kasuku kwenye Orodha ya kwanza. Tangu mwanzo wa 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku waliotolewa porini imekatazwa. Kabla ya pale nchi yetu ilikuwa na ruhusa ya kuuza 5,000 kwa mwaka, hesabu ambayo haikuwa na maana kubwa kwa mtu anayejua wangapi wanakufa kabla ya kuhesabiwa.

Ndani ya nchi kuna sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya kulinda viumbe na mazingira. ICCN ndiyo wenye kazi ya mbuga na wanyama. Na mwaka 2025 serikali ya jimbo la Tshopo yenyewe ilikataza kukamata na kuuza kasuku katika jimbo. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu zamani mtu alikuwa anaonyesha karatasi fulani ya ruhusa na polisi ao soda wa kizuizi anashindwa kujua kama ni halali. Leo kizuizi hakina swali la kujiuliza: ndege wa porini ndani ya kitunga, hapana.

Kasuku waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara hawawezi kufunguliwa tu hapo barabarani. Bawa limekatwa, wengine wana magonjwa. Wanapashwa kutunzwa miezi mingi hadi manyoya yaote upya. Bustani ya wanyama ya Kisangani imepokea baadhi yao, kwa msaada wa watu wa Lukuru, taasisi iliyofanya kazi ndefu ya utafiti iliyozaa Mbuga ya taifa ya Lomami. Mbuga hiyo iliundwa mwezi wa saba 2016, ina eneo la karibu kilometa za mraba 8,900 kati ya Tshopo na Maniema, na ni mojawapo ya pahali pazuri zaidi pa kasuku vilivyobaki katika nchi. Wengi wanaikumbuka kwa ajili ya lesula, yule nyani mwenye uso kama wa mtu aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2012.

Lakini mbuga ni sehemu ndogo ya pori. Kasuku hajui mpaka wa mbuga. Asubuhi anakula mangazi ya kijiji, jioni analala ndani ya mbuga, ao kinyume. Kwa hiyo tunafika kwa mwenye ardhi.

Mwenye shamba afanye nini

Neno la kwanza: acha mti mzee wenye tundu. Hata uliokufa. Zaidi sana uliokufa. Najua vile watu wanavyosema, "Ule mti ulishakufa, unafanya nini pale katikati ya mpunga?" Unafanya kazi. Ni nyumba ya kasuku, ya hondohondo, ya nyuki, ya popo wanaokula wadudu wa shamba lako. Kama unafungua shamba la hektari moja, kuacha miti miwili ao mitatu mikubwa hakupunguzi mavuno kwa kiasi cha kulia. Kivuli cha mti mrefu sana kinazunguka na jua, hakikai pahali pamoja kama kile cha mti mfupi. Kitu cha kuangalia ni usalama: mti uliooza kwenye shina, karibu na nyumba ao njia ya watoto, huo toa. Ule wa mbali acha.

Wakati wa kuchoma, moto njo unaua miti mingi iliyoachwa kuliko shoka. Mtu anaacha limba nzuri, halafu anarundika matawi makavu kwenye mguu wake na kuwasha. Baada ya miaka miwili mti umekauka, umeanguka juu ya mihogo. Safisha mita kadhaa kuzunguka shina, vuta majani na matawi mbali, choma asubuhi na mapema upepo ukiwa mdogo. Kazi hiyo ya nusu siku inalinda mti wa miaka mia.

Tena angalia vichipukizi. Limba inaota upesi katika shamba lililopumzishwa, na mtu anayepalilia huikata bila kuiangalia. Ukichagua mitano sita kwenye kila shamba na kuiacha, mjukuu wako atakuwa na mbao na ndege atakuwa na tundu. Sapelli vilevile, na hapa faida haisubiri mjukuu. Kila mtu wa Kisangani anajua mbinzo. Viwavi vya sapelli vinashuka wakati wa mvua, vinauzwa kwa bei nzuri katika masoko yote ya mji, na mama aliyeviokota hakulipa mbegu wala mbolea. Sapelli ukiiuza kwa mpasuaji unapata pesa mara moja. Ukiiacha, mbinzo zinarudi mwaka hadi mwaka. Katika eneo la Yangambi watafiti walilisoma jambo hili hasa, kwa sababu mti uleule unatafutwa na mbao na chakula. Hesabu ya nyumba kwa nyumba inaweza kutofautiana, lakini inafaa kufanywa kabla ya kumwita mwenye tronsonezi, si nyuma.

Mangazi: ukiwa na shamba la zamani la mangazi marefu ambayo hupandi tena kuvuna, usiyakate yote mara moja ili kupanda mapya. Kata kwa mistari, acha sehemu. Yale marefu ni chakula na mara nyingi ni pahali pa kulala. Kuhusu kasuku kula mangazi yako, ni kweli anakula. Anachokula kundi dogo ni kidogo kuliko kile kinachooza chini kwa kukosa mpandaji. Anayesema lingine anatafuta sababu ya ulimbo.

Kwenye mabonde, mwale unapotea kwa sababu ya pombe. Mgemaji anayekata kichwa cha mwale anaua shina lile. Kijiji kinaweza kupatana: bonde hili la kugema, bonde lile la kupumzika. Mapatano ya namna hiyo yalikuwapo zamani, kila ukoo ulijua mipaka yake, na mukubwa wa kijiji alikuwa na neno la mwisho.

Na kama katika ardhi ya ukoo wenu kuna nafasi wazi yenye mayi, ile ya tembo na kasuku, hapo msifanye kambi ya uwindaji, msitege nyaya kwenye njia zake, msichome. Pahali ambapo tembo wameisha, vichaka vinaanza kufunga nafasi hizo pole pole. Wanakijiji wakikata vichaka vya pembeni mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi kidogo, nafasi inabaki wazi. Si kazi kubwa. Ni kazi ya watu kumi kwa siku mbili. Ila ifanywe mchana, ndege wakishaondoka.

Kuna jambo moja lisilogharimu kitu, kuhesabu. Mti wa kulala ukijulikana, watu wawili wanakaa pahali penye kuona mbali tangu saa kumi na moja ya jioni mpaka giza, wanaandika makundi yanayoingia. Mara moja kwa mwezi, kwenye daftari la shule. Mwalimu na wanafunzi wanaweza. Baada ya mwaka moja kijiji kina jambo ambalo hata wizara haina: hesabu ya kweli ya kasuku wake. Chuo Kikuu cha Kisangani kina kituo cha uangalizi wa viumbe, kinachoitwa CSB, na daftari kama hilo lina mtu wa kulisoma. Lakini tahadhari: msitangaze pahali pa mti huo kwenye redio, hata yetu. Wakamataji pia wanasikiliza.

Pori la jamii: karatasi yenye nguvu

Mapatano ya mdomo yanavunjika siku mgeni akija na pesa. Ndiyo sababu inafaa kujua dekrè namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014. Inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba pori lao la asili liandikwe kwa jina lao, hadi hektari 50,000, bila kulipa bei ya ardhi, na bila mwisho wa muda. Gavana wa jimbo anatia sahihi. Jamii inapashwa kuwa na karte ya mipaka iliyokubaliwa na majirani, majina ya koo zinazohusika, mkutano ulioandikwa, na baadaye mpango mwepesi unaoeleza pori litatumiwa namna gani. Katika Tshopo kuna jamii ambazo zimekwisha kupata pori lao kwa njia hiyo, na teritware ya Bafwasende ni mojawapo ya pahali kazi ilianza mapema.

Ndani ya mpango huo mwepesi njo kasuku anapata nafasi. Jamii inaweza kuandika: bonde hili halikatwi, miti ya tundu hainguswi, mti wa kulala unalindwa, mgeni hapandi na ulimbo. Neno hilo likiandikwa na kusainiwa, mukubwa wa kijiji ana kitu cha kumuonyesha mfanyabiashara anayetoka mjini, na anayetoka mjini hawezi kusema pori ni la leta, basi ni la kila mtu. Ugumu uko wapi? Karte na safari za kwenda Kisangani zinagharimu, na bila shirika la kusaidia vijiji vingi vinakwama katikati. Tena kuna koo ambazo zinagombana juu ya mpaka hata kabla ya kuandika. Gombaneni kwanza, muishe, halafu muandike. Kuandika juu ya ugomvi ni kuuongeza.

Mfano wa wafugaji wa Kinangop

Mtu anaweza kuuliza kama mwenye ardhi maskini anaweza kweli kuacha kitu kwa ajili ya ndege. Kuna pahali walijaribu, mbali na pori letu, kwenye uwanda wa juu wa Kinangop nchini Kenya. Kule hakuna kasuku. Kuna ndege mdogo wa majani mwenye tumbo la manjano, kwa kisayansi Macronyx sharpei, ambaye duniani kote anapatikana Kenya peke yake, kwenye majani ya milima. Hapandi mti, haingii pori. Anataka malisho yenye majani mafupi na mashada ya majani magumu ya kuficha kiota.

Malisho hayo yote ni ya watu. Zamani yalikuwa ranchi za Wazungu. Baada ya uhuru yakagawanywa kwa familia, na vipande vikaendelea kugawanywa kwa watoto. Kipande kikiwa kidogo, ngombe na kondoo hawalishi nyumba, basi mwenyeji analima viazi na kabichi. Hata yule anayebaki na ngombe anang'oa yale mashada magumu, kwa sababu ngombe hayali. Kumbe ndiyo kitanda cha ndege. Ni sawasawa na mti wetu uliokufa: kwa mwenye ardhi ni takataka, kwa ndege ni nyumba.

Wenyeji wenyewe waliunda kikundi, Marafiki wa Uwanda wa Kinangop, na shirika la Nature Kenya likawa pamoja nao. Walifanya mambo mawili. Kwanza walinunua vipande vya majani vikawa hifadhi ndogo, za kuonyesha. Hiyo ni njia ya bei, haitoshi kwa uwanda wote. La pili ni lenye akili zaidi: walitafuta namna kondoo alete pesa. Katika Njabini akina mama walifundishwa kusokota manyoya ya kondoo na kufuma mazulia ya kuuza. Kondoo akiwa na thamani, majani yanabaki majani, viazi havichukui yote. Hakuna aliyeambiwa apende ndege kuliko mtoto wake. Walitengeneza mambo ili kulisha mtoto na kulisha ndege kutoke kwenye kondoo yuleyule. Ndege huyo bado yuko hatarini, na jembe linaendelea Kinangop. Lakini pahali mwenyeji alipopata faida, majani yalisimama.

Kwa wafugaji wa Ituri na Kivu

Wasomaji wetu wa Djugu, Masisi, Lubero na bonde la Ruzizi hawana kasuku wengi, lakini wana ngombe na wana korongo mwenye taji, yule wa miguu mirefu na manyoya ya dhahabu kichwani. Yeye pia anapungua. Tangu 2012 yuko kwenye orodha ya walio hatarini. Anatafuta chakula kwenye malisho mafupi, kwa hiyo ngombe ni rafiki yake. Ila anazaa ndani ya bonde lenye mayi na majani marefu, mayai mawili matatu chini, na karibu mwezi moja wa kulalia. Mfugaji akipeleka ngombe wote ndani ya bonde wakati huo, mayai yanakanyagwa. Kuacha pembe moja ya bonde bila kulisha mpaka watoto watoke, kufunga mbwa, kutokausha bonde lote kwa mifereji: mambo hayo matatu yanatosha kwa jozi moja ya korongo kuzaa. Bonde lililoachwa na mayi linawapa pia ngombe majani ya kiangazi.

Rwanda walionyesha kwamba hali inaweza kugeuka. Korongo wengi walikuwa wamefungwa kwenye mahoteli na majumba kama mapambo. Waliandikwa, wakachukuliwa bila kuwapa wenyeji adhabu waliojitokeza, wenye afya wakarudishwa porini. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta 487 nchi nzima; miaka michache nyuma walipita elfu moja.

Nani atalipa

Swali hili linakuja kila tunapozungumza na watu wa Opala ao Ubundu, na ni la haki. Mkamataji ni kijana wa kijiji. Anapata kidogo kwa kila ndege, mwenye biashara anapata zaidi, mwenye kuuza ng'ambo anapata nyingi kabisa. Ukimkataza kijana na kumwacha mkono mtupu, atarudi usiku.

Sitaahidi watalii. Kisangani ina mto, ina maporomoko ya Wagenia, ina historia, na watalii wanaokuja bado ni wa kuhesabika. Kijiji kisijenge matumaini juu ya Mzungu mwenye jumela. Vitu vinavyoleta franka vinajulikana: mbinzo, asali, mafuta ya mangazi, samaki wa kufuga, na kakao. Kakao inaenea kutoka Ituri kuja kwetu, na ina uzuri wake: inakubali kivuli cha miti mikubwa. Ina ubaya wake pia, kwa sababu bei ikipanda watu wanafungua pori jipya. Kakao ipandwe kwenye shamba lililopumzika, chini ya limba zilizoachwa, na hapo kasuku na mkulima hawagombani.

Wakamataji wa zamani wana ujuzi ambao hakuna mwingine anao. Wanajua kila mti wa kulala, kila tundu, kila nafasi ya mayi. Katika kazi ya kuhesabu na kulinda, wao njo wa kwanza kuitwa, na kama kuna mshahara wa mlinzi wa kijiji, uanzie kwao. Najua wengine watasema ni kumlipa mwizi. Lakini mlinzi asiyejua mti anaulinda namna gani?

Ukiwa na kasuku nyumbani ao ukikuta wengine njiani

Usimfungue mwenyewe akiwa na bawa lililokatwa; ataliwa na paka siku ileile. Usimnunue ili kumuokoa, maana pesa yako inalipa ulimbo wa kesho. Toa habari kwa ICCN ao kwa watu wa mazingira wa jimbo, ukisema umeona wapi, lini, wangapi. Kasuku mgonjwa anaweza kumpa mtu homa ya mapafu, kwa hiyo kizimba kisikae pahali watoto wanalala, na baada ya kukisafisha mikono inawe kwa sabuni.

Aliye na kasuku wa miaka mingi nyumbani, aliyezoea watu, amtunze vizuri: matunda, mayi safi, kivuli, nafasi ya kunyoosha mabawa. Huyo hawezi tena kuishi porini peke yake. Mwingine asitafutwe kumpa mwenzake.